Neema ikitangulia, hiari inabaki na kazi gani?

Igoma_Mjini: Bwana asifiwe wakuu. Yoshua 24:15 inasema chagueni, Yohana 6:44 inasema hakuna ajaye asipovutwa na Baba. Kumpenda Mungu kunaanzia kwa nani?

Katekista_Nyegezi: Kwa Mungu. Sinodi ya Orange, mkutano wa maaskofu wa mwaka 529, ilifundisha kwamba hata hamu ya kuamini ni neema. Mtaguso wa Trento wa Kanisa Katoliki, 1547, ukafafanua: hiari ikiguswa na neema hushirikiana, na yaweza kukataa. Ule mfano wa kusema Mungu hutuvuta kama karabai inavyovuta dagaa uacheni, unapotosha. Dagaa hafuati mwanga kwa kuamua. Afadhali mtumbwi wa tanga: upepo huutengenezi, lakini ukikunja tanga hutoki ufukweni Kirumba.

Mzee wa Kanisa: Mfano mzuri, Katekista, ila Wakalvini, wafuasi wa mafundisho ya Kalvini, watakuuliza: mkono wa kutweka tanga umepewa na nani? Sinodi yao ya Dort, 1618–1619, ilishikilia kwamba Mungu huugeuza utashi wenyewe, bila kuushurutisha.

Katekista_Nyegezi: Sawa mzee, hapo ndipo tunapoachana. @Igoma, kosa la wengi ni kungoja hisia kwanza. Upendo huu ni wa utashi. Ukiwa mkavu rohoni, omba kutaka, kama yule baba wa Marko 9:24 aliyesema naamini, nisaidie kutokuamini kwangu, kisha tenda jambo moja siku hiyohiyo: samehe deni, katembelee mgonjwa.

Igoma_Mjini: Nimekupata. Deni lenyewe ndilo gumu, hahaha.