Mwangalizi wa ndege Rufiji, 1915: nishani alipewa kwa lipi?

Mdau wa Delta: Wakuu, heshima zenu. Kila nikisoma habari za manowari ya Kijerumani Königsberg, anayesifiwa ni rubani John Cull. H. J. Arnold, aliyekuwa naye angani tarehe 11 Julai 1915, anatajwa kwa sentensi moja, kisha naona naye alipewa DSO, nishani ya Uingereza kwa maofisa wa vita. Hakurusha ndege wala hakufyatua mzinga. Alifanya nini hasa?

Mzee wa Kumbukumbu: Mkuu, bila Arnold mizinga ile ilikuwa inapiga ovyo. Severn na Mersey, meli mbili za Waingereza zenye mizinga, ziliingia mtoni, lakini Königsberg ilijificha mbali nyuma ya mikoko. Wapigaji hawakuiona kabisa. Tarehe 6 Julai walimimina makombora mamia, manowari ikabaki inaelea, na Mersey ikapoteza watu.

Kazi ya mwangalizi ilikuwa kutazama kombora limeangukia wapi, kisha kupeleka herufi kwa simu ya upepo: limepita, halijafika, sogeza kushoto. Siku ya 11 aliivuta Severn hivyo, kombora baada ya kombora, mpaka yakaanza kupiga. Hapo ndege yao, Henri Farman, ikapigwa na injini ikaharibika. Wanashuka, naye bado anapiga simu! Akaarifu kwamba wamepigwa, waletewe mashua. Halafu, alipoona makombora yanaangukia upande wa mbele wa manowari, akarekebisha shabaha yaelekee katikati. Mimi nishani naiona hapo. Mtu anaanguka, na akili yake iko kwenye shabaha ya wenzake.

Binti Chole: Ndege ilirukia Mafia, siyo? Na walipona?

Mzee wa Kumbukumbu: Ndiyo dada, Mafia, Waingereza walikuwa wameiteka Januari mwaka huohuo. Ndege za Sopwith zilizotangulia zilishindwa na joto letu. Walipona wote wawili: ndege iliangukia mtoni karibu na Mersey, wakaokolewa na mashua yake. Cull naye alipata DSO, na aliistahili, maana ndiye aliyeishusha ndege isiyo na injini.

Mdau wa Delta: Shukrani mzee. Kwa hiyo Königsberg ikaishia siku ileile?

Mzee wa Kumbukumbu: Meli ndiyo, kapteni wake, Looff, aliamuru izamishwe. Mizinga yake 10 Wajerumani waliiopoa, wakaitumia nchi kavu chini ya Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi lao Afrika Mashariki. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa. Ukipita huko, kauone.