Kesi ya mauaji: jaji asipewe nafasi ya kupima?

Kitopeni: Wadau, hapa Bongo ukitiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia, kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu kinamwachia jaji neno moja tu, kunyongwa. Aliyepanga miezi amuue mwenzie arithi shamba na aliyepigwa miaka kumi kisha siku moja akashika mchi, mahakama ikishasema wote walikusudia basi kamba ni ile ile. Na tangu 1994 hajanyongwa mtu, wanakaa tu wanasubiri. Mahakama ya Afrika ya haki za binadamu pale Arusha ilishasema 2019 huo ulazima ni kosa. Kwa nini tunaing'ang'ania?

Shoka: Mnaotetea wauaji hamjafiwa nyie. Damu kwa damu. Mtaani kwetu hata hatusubiri jaji, mwizi akidakwa tairi linakuja lenyewe.

Mpenda_haki: Shoka umesoma ulichoandika?? Kumchoma mwizi NI kuua kwa kukusudia, na kuna kifungu cha 23 cha nia ya pamoja, aliyeleta petroli, aliyerusha jiwe, aliyemshika miguu, wote ni kesi ya mauaji na dhamana hakuna. Kwa hiyo damu kwa damu yako inaanza na mtaa wako.

Shoka: Usiniite muuaji hunijui. Nyie wa magetini mnaongea sana, sisi tukiibiwa tukampeleka kituoni kesho yake tunapishana naye sokoni.

Mpenda_haki: Geti gani, napanga chumba kimoja Mbagala na nimeibiwa mara mbili. Sijachoma mtu.

BintiPwani: Si tufanye kama Kenya tu, wenzetu walishafuta kunyonga.

Kitopeni: Hawajafuta. Kesi ya Muruatetu 2017 iliondoa ulazima tu, jaji anapima mazingira kwanza, adhabu yenyewe bado ipo. Ndo ninachouliza mimi tangu juu kule, turudi kwenye mada jamani.

Mama_K: Mada ni hii hii. Mdogo wangu alipigwa mpaka akafa kwa simu ambayo hakuiba, mwenye simu aliikuta baadaye chini ya godoro. Ikaandikwa ameuawa na wananchi wenye hasira kali. Hao wananchi wana majina, mmoja alikuwa ananunua sukari dukani kwa mama mpaka tulipohama, kila akija mama anampimia. Faili likafa maana mtaa mzima hakuna aliyeona. Mnabishana jaji apime nini, sisi hatukufika hata kwa hakimu.

Mpenda_haki: Pole sana dada.

Shoka: Pole dada, kweli kabisa. Wa kwetu lakini walimkuta na pikipiki yangu, na nilikuwa nimebakiza marejesho ya miezi miwili.

Mama_K: Yuko wapi sasa huyo wa pikipiki?

Mama_K: Shoka nimekuuliza.