Naomba ushauri: moto wa kongamano la Pasaka unazima ndani ya wiki tatu

kidato3_Mabawa
Shikamooni wakubwa, Bwana Yesu asifiwe. Nina miaka 16, niko kidato cha tatu, shule ya kutwa hapa Tanga mjini. Ni Mlutheri, kipaimara nimeshapata. Kila nikitoka kongamano la Pasaka nasali na kusoma Biblia kila siku, ikifika wiki ya tatu nimeacha. Safari hii nilianza Mwanzo nikakwama Kutoka. Darasani wengi wananakili kazi za nyumbani, nikigoma kutoa daftari naambiwa najifanya mtakatifu. Grupu la darasa linarushwa video chafu. Na nataka kufunga ila shule naenda kwa miguu. Naomba hatua za kufuata, si kutiwa moyo tu.

Katekista_Muheza
Marahaba mwanangu, amina. Tuanze na hilo la wiki ya tatu maana mengine yanaegemea hapo.

Kwenye kongamano kuna kengele ya kuamsha, kuna ratiba ukutani, kuna wenzako pembeni na kuna kiongozi anayeuliza. Ukirudi nyumbani vyote vinne havipo, umebaki na hisia peke yake, na hisia haiamshi mtu alfajiri. Usijihukumu kwamba imani yako ni ya uongo. Rudisha vile vinne.

Kengele unayo bure: mji wetu una adhana ya alfajiri kila mtaa. Ikisikika, amka, nawa uso, kaa kwenye kiti. Usisali ukiwa umelala, utasinzia tena. Dakika 15 zinatosha: Baba Yetu polepole dakika 2, soma kwa sauti ya chini dakika 7, andika dakika 3, omba dakika 3. Wanaoanza na saa nzima ndio wanaoacha, kwa sababu siku ya kwanza wakichelewa wanaona bora waache kabisa.

Kusoma: Kutoka wengi hukwama sura ya 25, pale vinapoanza vipimo vya hema, mbao na mapazia. Maelezo hayo yanakwenda hadi sura ya 31 na kurudi tena 35 hadi 40. Si sehemu mbaya, ila si ya kuanzia. Anza Marko, sura 16, sura moja kwa siku. Ukimaliza nenda Luka, sura 24, ndipo Matendo.

Kuandika: nunua daftari la kurasa 80, usitumie simu. Kila siku mistari mitatu tu: Yesu amefanya nini katika sura hii, neno gani sijalielewa, leo nitafanya nini. Huo mstari wa tatu uwe kitu ambacho jioni unaweza kusema nimefanya au sijafanya. "Niwe na upendo" hakipimiki. "Nimchotee bibi wa jirani ndoo mbili kabla ya saa 12 jioni" kinapimika.

Binti_Pongwe
Kwa heshima katekista, wengine alfajiri wanachota maji, wanawasha jiko, wanaogesha wadogo zao. Hasa wasichana. Hao wasome usiku baada ya vyombo, kabla ya kugusa simu. Saa yoyote inafaa mradi ishikizwe kwenye jambo ambalo tayari unalifanya kila siku.

Katekista_Muheza
Kweli kabisa dada, nakubali. Kinachovunja ni kusema "nitasoma nikipata nafasi".

Mwalimu_Hesabu
Suala la daftari. Tofautisha kumpa mtu majibu na kumfundisha. Fika shule dakika 20 kabla ya kengele, sema wazi: "Daftari sitoi, ila swali la 3 na la 5 njooni tufanye pamoja." Wewe shika kalamu swali la kwanza tu, la pili ashike yeye. Wawili watatu watakuja, waliobaki watatafuta daftari jingine, na hapo lawama zinapungua kwa sababu hujamnyima mtu msaada.

Mambo mawili yanaharibu mpango huu. La kwanza ni kuhubiri wakati unakataa. Sema hapana kwa sentensi moja, usiongeze aya ya Biblia, maana aya ikitumika kama fimbo ndiyo inayoleta hilo jina la mtakatifu. La pili ni kukataa leo halafu kesho wewe mwenyewe unanakili Kemia. Hapo umemaliza kila kitu. Kama hukufanya kazi, peleka daftari tupu upokee adhabu.

Na huu mchezo una mwisho wake: aliyezoea kunakili hujaribu hivyo hivyo kwenye mtihani wa taifa, na NECTA ikibaini udanganyifu inafuta matokeo.

MamaWawili_Duga
Mwanangu, simu. Ingia mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, ondoa alama zote za kupakua picha, sauti na video zenyewe, kwa data ya simu na kwa WiFi. Kuanzia hapo video haiingii mpaka uiguse. Kisha kwenye faragha chagua kwamba watu ulio na namba zao tu ndio waweze kukuingiza kwenye magrupu. Mwombe msimamizi afungue grupu la pili la matangazo na kazi za shule, ambalo wasimamizi peke yao wanaandika. Likifunguka, toka lile la zamani. Asipokubali, zima arifa zake, fungua mara moja tu jioni uone kazi.

Usiku simu ilale sebuleni ikichajiwa, si chini ya mto. Vishawishi vingi vya umri wako vinakuja kati ya saa 4 na saa 7 usiku, mtu akiwa peke yake na bando halijaisha. Kama tayari umezoea kuangalia hizo video, usitegemee kusali tu ndipo uache. Sali, na simu iwe mbali na kitanda.

Jambo moja zito: picha ya utupu ya mwanafunzi mwenzako ikirushwa, usiipeleke mbele hata kwa kumwonyesha rafiki. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahesabu kuisambaza kuwa kosa, na mwenye chini ya miaka 18 ni mtoto kisheria. Mwambie mwalimu wa malezi au mzazi.

Nesi_Makorora
Kufunga. Miaka 16 mwili bado unakua na unatembea juani, kwa hiyo usianze na siku nzima bila maji. Anza mara moja kwa wiki, chagua Jumamosi au siku isiyo na michezo. Acha mlo mmoja, wa mchana, maji kunywa kama kawaida. Muda wa mlo utumie kusali, na fedha ya mlo mpe mwenye shida. Bila hivyo viwili umeshinda na njaa tu. Ukimudu wiki nne bila kizunguzungu, ongeza mlo wa pili.

Usifunge ukiwa na vidonda vya tumbo, kisukari, au ukiwa kwenye dawa. Mseto wa malaria ni dozi 6 kwa siku 3, na unafyonzwa vizuri ukiliwa pamoja na chakula chenye mafuta kidogo. Anayefunga katikati ya dozi anaweza kuugua tena. Macho yakianza kuona giza au mikono ikitetemeka, kunywa chai yenye sukari, ule. Mfungo umeishia hapo, na si dhambi.

Mkatoliki_Chumbageni
Tumsifu Yesu Kristo. Naongezea kwa vijana Wakatoliki wanaosoma hapa: sheria ya Kanisa inadai kujinyima nyama kuanzia miaka 14, na kufunga kuanzia 18. Wa miaka 16 anayefunga anafanya kwa hiari, asilazimishwe. Na Kwaresima ni siku 40 bila kuhesabu Jumapili 6 zilizo ndani yake.

Kuhusu wenzako: kama shule ina UKWATA, umoja wa wanafunzi Wakristo, hapo ndipo pa kupata mtu wa kukuuliza. Huna haja ya grupu kubwa. Tafuta mmoja, wa jinsia yako, mkutane dakika 10 kila Ijumaa baada ya vipindi, mwonyeshane ule mstari wa tatu wa daftari. Ukitaka ushauri wa mtu mzima kanisani, mkae mahali mnapoonekana, ukumbini au chini ya mti, si chumba kilichofungwa. Kiongozi yeyote akikwambia "hili usimwambie mzazi wako", mwambie mzazi siku hiyo hiyo. Namba 116 ya Simu kwa Mtoto hupigwa bure.

Binti_Pongwe
Na wenzetu Waislamu, maana Tanga hukai bila wao. Mwezi wa Ramadhani usile mbele yao darasani. Ukialikwa futari nenda, ule, ushukuru. Ukiulizwa unaamini nini, jibu ulichoulizwa kwa upole. Mabishano ya dini kwenye grupu la darasa yakianza, usijibu hata mstari mmoja.

kidato3_Mabawa
Asanteni sana wakubwa zangu. Daftari ninalo, kiti nimeweka karibu na dirisha. Kesho naanza Marko 1. Nikikosa siku moja nisome sura mbili kesho yake?

Katekista_Muheza
Hapana, usilipe deni. Deni la sura ndilo linalozaa wiki ya tatu. Ukikosa Jumatano, Alhamisi soma iliyokuwa ya Jumatano, tarehe zisogee. Na nirekebishe nilichosema juu: si kila sura ni ya siku moja. Ya 1 ina aya 45, ya 6 ina 56, hizo zigawe mara mbili mbili. Ya 14 ina 72, igawe mara tatu. Jumla ni siku 20. Kesho ishia aya ya 20, pale Yakobo na Yohana wanapomwacha baba yao chomboni.