Nishati safi ya kupikia: mama wa mkaa wa kopo anaachwa wapi?

Wakuu habari. Mkakati wa Tanzania wa 2024 unataka 80% ya watu watumie nishati safi ya kupikia ikifika 2034, na lengo namba 7 la maendeleo endelevu la UN linasema nishati safi na ya bei nafuu kwa wote ikifika 2030. Naunga mkono, misitu inaisha na moshi unaua. Ila mtu anayenunua mkaa wa kopo kwa siku atajazaje mtungi wa gesi kwa mkupuo?

Mkuranga_Boy: Umegusa penyewe mkuu. Mtungi wa ruzuku anapewa, ukiisha anauweka uvunguni anarudi kwenye mkaa, sababu pesa yake inaingia kidogo kidogo. Mitungi yenye mita inasaidia hapo, unalipia gesi unayotumia tu, isambazwe hadi vijijini sio Dar tu.

Mama_Wawili: Na wachoma mkaa je? Huyo ndo ada ya watoto wake inatoka hapo, ukimkataza bila kumpa kazi nyingine atachoma usiku.

Pwani254: Dada hapo kwenye kazi nakubali kabisa. Huku Gazi, Kwale, Kenya, wanakijiji wenyewe wanalinda mikoko kupitia mradi wa Mikoko Pamoja tangu 2013, wanauza kaboni, yaani wanalipwa kwa hewa ya ukaa ambayo mikoko inaifyonza na kuihifadhi, na pesa inaingia kwa maji na shule za pale, kwa hiyo mtu anaona faida ya mti uliosimama. Nyie wachoma mkaa wenu washirikishwe kwenye misitu ya vijiji, wapange wenyewe ikatwe wapi na mapato yabaki kijijini.