Mama mwenye sukari anapanda meli ya utalii Durban: msosi, tipu na vitu vinavyokatazwa

binti_tabata:
Habari zenu wakuu, wakubwa shikamooni. Naomba msaada kwa waliowahi kupanda zile meli kubwa za utalii, siongelei boti za Zanzibar. Kaka yangu yuko Joburg, katulipia mimi na mama safari ya usiku nne kutoka Durban mpaka fukwe za Msumbiji na kurudi. Viza haitusumbui, Sauzi tunaingia bila viza na Msumbiji vilevile, kinachonitoa jasho ni mambo ya humo ndani.

Mama ni Mwislamu, ameshika dini kwelikweli, afu ana sukari na anachoma insulini. Ukimpeleka mahali asipojua nyama kachinja nani atashinda na chai kavu mpaka mrudi nyumbani, na sukari yake ikishuka mnajua wenyewe. Sasa hivi kashaanza kupanga begi, kuna chapati, kuna visheti, kuna pilau anataka aliweke kwenye hotipoti, na raisi kuka ndogo ananiambia "hii haichukui nafasi". Kaka yeye wimbo wake ni "kila kitu kimelipiwa" ila kaka yangu namjua, ukifika unaambiwa bado hela ya hiki na kile. Hivi kweli hatulipi kitu? Tipu mnatoaje? Na kuna usiku eti wa kuvaa rasmi, mama ana madera na abaya zake, watamkatalia mlangoni? Tunaondoka mwezi ujao.

mzee_wa_geli:
Marahaba binti. Mimi nimefanya kazi jikoni kwenye hizi meli na baadaye wakanihamishia bafe, Mediterania na Karibi, kwa hiyo la msosi niachie mimi.

Kwanza ondoa wasiwasi wa njaa. Nauli inajumuisha ule mgahawa mkubwa wa kukaa na kuhudumiwa, pamoja na bafe ambayo iko wazi karibu kutwa nzima. Kwenye mgahawa mkubwa menyu ni ya bure na hakuna anayekuhesabia, ukitaka supu mbili na samaki wawili agiza, weita hatakushangaa. Kinacholipiwa ni migahawa midogo ya pembeni, ya steki, ya sushi, ile yenye mlango wa vioo na mhudumu kasimama na kitabu. Ukiona mahali pamepoa sana na hakuna foleni, uliza bei kabla hujakaa.

Sasa halali. Nisikudanganye, meli nyingi hazina jiko la halali lenye cheti. Nyama inanunuliwa kwa jumla, inakuja imegandishwa, na kikaango kile kile kilichokaanga bekoni asubuhi mchana kinakaanga kuku. Zipo kampuni zinazoleta mlo wa halali uliofungwa tayari ila sharti uombe mapema, wakati wa kubuku au wiki kadhaa kabla ya safari, maana chakula kinapakiwa bandarini na meli ikishang'oa nanga hakuna duka la jirani. Kwa hiyo kaka yako aandike barua pepe LEO, sio wiki ya mwisho, aombe wajibu kwa maandishi, na hayo majibu muyaprinti muende nayo.

Hata wakikataa mama hatalala njaa. Samaki wapo kila siku, mayai yapo, na menyu ya usiku karibu kila meli ina sahani ya mboga, mara nyingi ya Kihindi, dengu, paniri (jibini ya Kihindi), wali, hiyo kwa mtu wa Dar ni chakula cha nyumbani kabisa. Shida haiko kwenye nyama inayoonekana, shida iko kwenye vilivyojificha. Supu ya maharage inawekwa vipande vya bekoni. Sosi ya samaki inamiminiwa mvinyo mweupe. Vile vitamu laini vya maziwa kwenye vikombe vinagandishwa na jelatini na ya nguruwe ipo sana. Mimi nimeshuhudia abiria kakataa nyama siku zote kwa ajili ya dini halafu anamaliza vikombe vitatu vya hiyo kitu ya stroberi!

Kuna njia ambayo abiria wengi hawaijui. Siku ya kwanza, kabla hata ya kufungua mabegi, nenda kwenye mgahawa mkubwa umwone mkuu wa maweita. Mwambie mama hali nguruwe, hanywi wala hali chenye pombe, na ana sukari. Akishaandika hilo kwenye meza yenu, kila usiku mkimaliza kula atawaletea menyu ya KESHO, mama anachagua, jiko linapika sahani yake peke yake. Nimeandaa hizo sahani, zinatoka na kikaratasi chenye namba ya meza na hazichanganywi na nyingine. Ila ndio maana mkae meza ile ile na saa ile ile kila usiku, msichukue ule mpango wa kula muda wowote, kila siku mtaanza kujieleza upya kwa mtu mpya. Chagueni zamu ya mapema, kwa mtu wa insulini ile ya pili ni usiku mno.

Na weita akiwa Mwindonesia mwambieni, wengi ni Waislamu wenzenu, atawaelekeza bila kuficha kipi kipite na kipi kiachwe.

kitonge_cha_mwisho:
Yaani mtu anaenda kwenye bafe inayojazwa kutwa afu anabeba hotipoti la pilau 😂😂 mwambie mama aende na tumbo tu.

Ila na mimi niulize hapo hapo, Konyagi inapita? Nasikia watu wanaweka kwenye chupa ya shampuu.

dada_wa_tiketi:
@kitonge inapita kwenye eksirei kama begi lako lote, na wale jamaa kazi yao ni hiyo, chupa ya shampuu wameshaziona mpaka wamechoka. Watainyang'anya. Kampuni kama Carnival na Royal Caribbean zinamruhusu mtu mzima kupanda na chupa moja ya mvinyo ya mililita 750 siku ya kuanza safari, lakini Durban wanaoondoka pale msimu wa joto ni kampuni ya MSC na wao hawataki chakula wala kinywaji cha kutoka nje. Chupa ukinunua bandarini njiani wanakushikia mpaka mwisho wa safari.

@binti_tabata mimi nauza tiketi hapa mjini na maswali ya hela ndio nayapata kila siku, kaka yako hajakosea ila hajamaliza. Malazi, chakula na shoo vimelipiwa, vinywaji ndio hapana. Kwenye meli nyingi maji ya kwenye mashine pale bafe, chai na kahawa ya kawaida ni bure. Soda inalipiwa, juisi ya kukamua inalipiwa, kahawa ya povu ile inalipiwa, na kuna meli hata maji ya mezani usiku yanakuja ya chupa na chupa inaingia kwenye bili, kwa hiyo akikuwekea chupa uliza kwanza. Juu ya bei ya kinywaji kampuni nyingi zinapachika ada ya huduma, za Kimarekani ni asilimia 18 mpaka 20. Na kile kifurushi cha vinywaji msikikimbilie, kampuni nyingi zinataka watu wazima wote wa kebini moja wanunue, sasa mama yako hanywi hata soda kwa sukari yake unamlipia nini?

Ndani hakuna pesa taslimu. Mnapewa kadi ya meli, ndio ufunguo wa mlango na ndio pochi, kila ukigusa inaandika deni, na ile haraka ya kugusa ndio inamaliza watu. Kadi hiyo inafungamanishwa na kadi ya benki au mnaacha dhamana ya pesa pale mapokezi. HAPA SIKILIZA. Ukitumia kadi ya debiti ya benki zetu, meli inazuia kiasi fulani kwenye akaunti kila siku, na mkishuka ile hela haiachiwi siku hiyo hiyo, inaweza kukaa siku kadhaa mpaka wiki, wewe uko Durban unataka teksi na akaunti inasoma sifuri. Kama kaka ana kredit kadi aiweke yake, au acheni dhamana ya taslimu, inayobaki mnarudishiwa. Na kila jioni pita mapokezi au angalia kwenye tivii ya kebini bili imefikia wapi, wakikosea wanasahihisha papo hapo, asubuhi ya kushuka foleni inazunguka kona.

Tipu siku hizi sio ya kuficha mkononi. Wanaikata wenyewe kwa kila mtu kwa kila siku, kampuni za Kimarekani ni kama dola 16 mpaka 20, nyingine wanaiingiza kwenye nauli. Muulize kaka akague risiti aone kama ipo. Kama ipo hamdaiwi zaidi, mkitaka kumpa yule anayetandika kitanda kitu cha ziada ni hiari yenu, na noti yoyote anapokea.

mke_wa_baharia:
Dada wa tiketi kamaliza la hela, mimi niongezee la nguo na muda. Abaya na dera la heshima halina shida hata kidogo, usiku wa rasmi mama yako ndio atapendeza kuliko hao wenye suti za kuazima, na kina baba wa kanzu wamekaa zao mezani sijaona akirudishwa mtu. Wanachokataa mgahawani usiku ni ndala, kaptula, na nguo za kuogelea. Gauni la sendoff vaa bibie, lini tena utalivaa. Wapiga picha watakuja na kamera zao mezani mkitabasamu, kupigwa ni bure, kuichukua ile picha ndio bei sasa utashtuka.

Simu iwekeni kwenye hali ya ndege mkishatoka tu bandarini. Meli ina mtandao wake wa simu unaopitia setilaiti, simu inajishika yenyewe, bili yake ni kilio. Mwambieni kaka kabisa kwamba hamtakuwa hewani.

Na msichelewe kurudi!! Mnaambiwa saa ya mwisho ya kuwa ndani na hiyo ni saa ya MELI, sio ya simu yako. Machi 2024 Norwegian Dawn iliacha abiria wanane São Tomé, walikwenda matembezi yao binafsi wakachelewa, wakaikimbiza nchi kwa nchi mpaka Senegal ndio wakapanda tena. Kama mnashuka kwenye ufuko wa Pomene huko Msumbiji mnapelekwa na viboti vidogo, bahari ikichafuka wanafuta kabisa na hapo msilalamike, huyo mama mwenyewe sio wa kurukaruka kwenye boti.

Zoezi la usalama siku ya kwanza ni lazima hata kama mmechoka. Baada ya Costa Concordia kuzama Italia Januari 2012 wakafa watu 32, sheria ya kimataifa ikabadilishwa, sasa zoezi linafanyika kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka.

Na mikono ioshwe kwa SABUNI, sio ile jeli tu wanayowapulizia mlangoni pa bafe. Kile kirusi cha tumbo cha melini, noro, jeli haikiwezi vizuri. Mama akianza kuharisha na insulini mwilini hiyo ni habari nyingine, na daktari wa meli analipiwa kwa bei ya huko huko, kwa hiyo bima ya safari msiiruke.

binti_tabata:
Jamani Mungu awabariki, nimemsomea mama yote. La jelatini limemtisha mpaka kasema hatagusa kitamu chochote, nikamwambia afadhali maana hata daktari kamkataza 😅 Raisi kuka kakubali kwa shingo upande. Sasa kaja na jipya, anauliza chetezo cha umeme na udi kidogo wa kufukiza chumbani jioni. Na insulini tunaiwekaje, si kebini ina friji? Na akitaka kula kitu saa za usiku?

mzee_wa_geli:
Hapana hapana, chetezo kibaki Tabata. Chochote chenye waya unaopata moto wanakichukua, raisi kuka, pasi, jagi la kuchemshia maji, chetezo cha umeme, na mishumaa na udi wa moto ndio kabisa. Moto baharini hauna pa kukimbilia, na king'ora cha moshi kipo juu ya kitanda, akifukiza tu wanaume wa zimamoto watamkuta na kanga moja. Apake mafuta ya udi aende zake. Ekstensheni nayo mara nyingi wanaichukua, ila ya kuchajia simu ya USB inapita.

Chapati na visheti vya kupika nyumbani visahau, hivyo na pilau vinaishia kwenye pipa pale getini. Ila mwenye sukari ana haki ya kubeba cha kumwokoa, kwa hiyo kwenye barua ya kaka aongeze kwamba mgonjwa wa sukari atabeba tende na biskuti zake za pakiti ambazo hazijafunguliwa, na mbebe cheti cha daktari cha Kiingereza kinachotaja insulini na sindano. Usiku wa manane kuna huduma ya chumbani, kwa baadhi ya meli inalipiwa, lakini akichukua ndizi na mkate bafe jioni akaweka kebini hakuna anayemkataza. Tunda hilo asishuke nalo tu, bandarini wanatoza faini.

Insulini isiingie kwenye begi kubwa. Mabegi makubwa mnayaacha bandarini na yanaweza kuja kebini jioni sana, kwa hiyo dawa zote kwenye mkoba wa mama, hata kwenye ndege vilevile. Friji ya kebini usiiamini, nyingi ni kabati tu la kupoza soda, halifiki ubaridi wa dawa, na kebini nyingine hazina kabisa. Mkifika pigeni simu mapokezi waambieni mnahitaji friji ya dawa na kopo la kutupia sindano, wanayo na hawatozi, ila ni machache, pigeni kabla ya zoezi la usalama.