Fundi wa akwariamu ameniulia samaki watatu Kisumu, sasa ameniblok

Wadau, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Jumamosi nimetoa maiti ya samaki wa tatu kwenye tangi langu hapa Migosi, na aliyenitia hasara hii hapokei simu.

Nina domino, yule samaki mweusi wa baharini mwenye doa jeupe kila ubavu na jingine kwenye paji la uso. Nilimnunua akiwa kama ukucha wa kidole gumba. Muuzaji aliniapia kwamba ni mpole, eti baharini anaishi ndani ya anemoni, yule mnyama laini anayefanana na ua, na samaki wengine. Kweli anaishi humo, lakini akiwa mtoto! Akikomaa anaweza kufika sentimita 14, madoa yanafifia, na hapo hataki jirani. Hilo hakunitajia.

Domino alikaa peke yake miaka miwili kwenye tangi la lita 90. Mwaka huu nikajinyima, nikanunua tangi la lita 400. Ziwa letu ni la maji baridi, kwa hiyo kila lita naichanganyia gramu 35 za chumvi maalumu inayokuja kwa basi kutoka Nairobi. Hizo ni kilo 14 hata samaki hajaingia. Nikaanza na samaki wapole, kromisi watano wa kijani na wawili wadogo wenye uzi mrefu mgongoni. Miezi mitatu walitulia, ukisogea kwenye kioo wanakuja kutafuta chakula.

Ndipo nikamwita muuzaji yule yule, maana anajiita fundi pia, anihamishie domino. Nilimuuliza waziwazi, hatawaua hawa? Akasema, "Tangi kubwa halina vita, bosi. Tunamwaga tu." Nikamlipa elfu tatu. Akamtia wavuni, akamtupa ndani saa saba mchana, taa zinawaka, jiwe hata moja hakulisogeza. Dakika kumi hazikuisha, domino ameshateka pango la katikati na kuanza ile sauti yake, ta-ta-ta, unaisikia hata nje ya kioo. Jioni nilimkuta mmoja wa wale wadogo amejibana nyuma ya pampu, mkia umechanika, anahema upande mmoja. Hakufika asubuhi.

Nampigia, ananiambia, "Watazoeana."

Watazoeanaje? Kuna kisanduku cha plastiki chenye matundu. Unakining'iniza ndani ya tangi, mgeni anakaa humo siku kadhaa, hata wiki, wanaonana bila kugusana. Siku ya kumfungulia unapangua mawe ili kila mmoja aanze kutafuta makao upya, unawalisha washibe, unazima taa. Na kwa domino aliyekomaa hata hayo yote yanaweza yasitoshe, basi fundi mwaminifu angeniambia huyu hafai kuishi na wapole, kabla ya kupokea pesa yangu! Mimi haya nimeyasoma baada ya msiba. Yeye ndiyo kazi yake.

Jana saa nne usiku nimemnasa kwa mtungi wa maji wa lita tano niliokata shingo na kutia vipande vya nyama ya kamba wa baharini ndani. Amerudi kwenye lita 90. Wanne waliobaki bado wanajificha, hata chakula hawakifuati.

Nataka elfu tatu yangu na bei ya samaki watatu. Na kama kuna mdau Kisumu, Kakamega au Nakuru mwenye tangi kubwa la maji ya chumvi lenye samaki wa ubavu wake, aniandikie pembeni. Domino nitamleta mwenyewe, bure.