Wenye lavaji (sehemu za kuoshea magari na pikipiki) wa Lubumbashi, acheni kusugua parabrizi za pikipiki kwa esansi, yaani petroli! Mnatuharibia mali na mnatuhatarisha

Bandugu, leo nina hasira na sitaificha. Parabrizi ya pikipiki yangu, ile ngao ya mbele ya kuzuia upepo, imekufa, na aliyeiua nilimlipa kwa kazi hiyohiyo.

Habari yenyewe ni hii. Kwenye barabara ya Likasi kuna kipande kilikuwa kimemwagwa lami mbichi huku magari yanapita juu yake. Hakuna kibao, hakuna bendera, hakuna hata mtu wa kupunga mkono kusema punguzeni mwendo. Malori ya madini yanapita kwa kasi yao ileile, matairi yanarusha lami na vikokoto, na sisi wa pikipiki tulio nyuma ndio tunaopokea. Nilifika mjini parabrizi imejaa madoa meusi kuanzia chini hadi usawa wa macho, mengine madogo kama punje za mtama, mengine upepo umeyavuta yakaota mkia.

Nikaiacha kwenye lavaji moja upande wa Kampemba. Nilimwambia kijana waziwazi: hii ni plastiki, usisugue. Akanijibu, "Hakuna shida, yaya (kaka mkubwa), kazi naijua." Niliporudi, madoa kweli hayapo, lakini hata mbele huoni. Katikati ukungu mweupe. Mikwaruzo ya duara inafuata mzunguko wa mkono wake, unaweza kuona alipoanzia na alipokazia. Na kwenye skrubu zote nne nyufa nyembamba zimetoka kwenye tundu na kutambaa kwenda pembeni. Chini kuna chupa ya esansi, na kando yake sponji lenye upande wa kijani, lile la kusugulia masufuria. Nililiokota nikaliminya: ikatoka grisi nyeusi ya cheni ya mteja mwingine, pamoja na mchanga mwekundu wa hapa kwetu. Hicho ndicho alichopitisha juu ya parabrizi yangu!

Patroni wake anasema nini? "Papa, hiyo ilikuwa ya zamani." Ya zamani! Parabrizi imepita misimu ya mvua bila ufa hata mmoja, leo inapasuka kwenye skrubu nne kwa pamoja, siku ileile iliyopakwa esansi, halafu sababu ni uzee?

Sasa sikilizeni vizuri, ninyi mnaoosha pikipiki za watu kila siku na kuchukua makuta yao, yaani pesa. Parabrizi ya pikipiki si kioo cha gari. Nyingi ni polikaboneti au akriliki, ile ya pili ndiyo watu wanaiita pleksi. Zote ni plastiki laini. Vumbi letu lina chembe za mawe zilizo ngumu kuliko chuma cha kisu, kwa hiyo kitambaa kikavu chenye vumbi kinatosha kuichana, sembuse sponji la masufuria. Na esansi ni mbaya zaidi, kwa sababu haikwaruzi juu tu. Pale skrubu inapobana, plastiki imevutika muda wote. Esansi ikiingia pale, plastiki inashindwa kuhimili mvuto huo na inapasuka. Wakati mwingine nyufa hazionekani palepale, zinajitokeza baadaye mteja akiwa ameshaondoka, ndiyo maana mnajiona mafundi. Watengenezaji wa polikaboneti wenyewe wanakataza esansi, asetoni, wembe, na sabuni zenye chenga. Wanakataza hata kuiosha ikiwa imepigwa jua na ina joto. Ninyi mnaiosha saa saba mchana, mwezi wa kumi, jua la Lubumbashi likiwa kichwani!

Zaidi ya hayo, parabrizi nyingi za polikaboneti zinatoka kiwandani zimepakwa ngozi nyembamba ngumu ya kuzikinga na mikwaruzo. Ngozi hiyo ikishachubuliwa, hakuna polishi itakayoirudisha. Akriliki isiyo na ngozi hiyo unaweza kuing'arisha kwa polishi ya plastiki na mikwaruzo midogo ikapungua, lakini ufa wa kwenye skrubu hauzibiki kwa polishi yoyote.

Kuna watakaosema nalilia urembo. Tembea usiku kwenye barabara ya Kasumbalesa, lori linakuja mbele taa zote juu, halafu uangalie kupitia parabrizi iliyokwaruzwa. Kila mkwaruzo unashika mwanga na kuutawanya. Mbele yako panakuwa ukuta mweupe, na shimo, mbuzi au mtu mwenye kinga (baiskeli) isiyo na taa yuko nyuma ya ukuta huo. Mvua ikinyesha ndiyo basi kabisa. Watu wanakufa barabarani, na sisi tunalipia upofu huo kwa mikono yetu kwenye lavaji.

Kinachoniuma ni kwamba dawa ya lami ipo jikoni. Lami inatokana na mafuta ghafi, maji hayaiwezi, lakini mafuta yanailainisha. Mafuta ya kula, yale meupe ya chupa, yanatosha. Mawese nayo ni mafuta, ila yanaganda na yana rangi, kuyaondoa ni kazi nyingine.

Weka pikipiki kivulini na usubiri plastiki ipoe. Mwaga maji mengi kwanza, bila kugusa kwa mkono, mpaka vumbi liondoke. Halafu chukua kitambaa cha pamba kilicholowa maji, kilaze juu ya parabrizi kwa dakika kadhaa ili matope na wadudu waliokauka walainike, kisha mwaga maji tena. Hapo ndipo unapogusa lami. Lowesha kipande cha pamba kwa mafuta, kibandike juu ya doa, uache dakika kumi au kumi na tano. Ukikiondoa utaona doa limeanza kuyeyuka na kuacha rangi ya kahawia kwenye pamba. Futa taratibu kuelekea upande mmoja, usizungushe, usikandamize, na kila doa lipate sehemu safi ya kitambaa, kwa sababu ndani ya lami kuna vikokoto vidogo na ukirudisha kitambaa hichohicho unakwaruza kwa mawe ya barabarani. Doa likikataa, rudia mafuta. Usiongeze nguvu, ongeza muda. Mwishoni maji safi yenye tone la sabuni ya maji ya vyombo, suuza, kausha na fulana kuukuu ya pamba, upande usio na maandishi. Karatasi ya chooni na gazeti hapana, karatasi nayo inakwaruza. Na sabuni ya unga iache kwenye ndoo ya nguo, chenga ambazo hazijayeyuka ni msasa.

Ugumu wake uko wapi? Chupa ndogo ya mafuta, vitambaa safi, na ndoo ya pili ya maji ya kusuuzia. Ni uvivu na haraka ya kumpokea mteja anayefuata.

Na ninyi mapatroni mnaosema "ni kijana ndiye aliyefanya", someni sheria ya nchi yetu. Kanuni ya kiraia, kitabu cha tatu, ile iliyotokana na dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, kifungu cha 258 kinasema anayemletea mwenzake hasara kwa kosa lake analazimika kuifidia. Kifungu cha 260 kinamfikia bosi kwa makosa ya aliowaweka kazini. Kijana hakujileta mwenyewe pale na chupa ya esansi, wewe ndiye uliyemnunulia na wewe ndiye hukumfundisha. Mimi sina ugomvi na yule mdogo wangu, nina ugomvi na wewe unayekaa kwenye kiti kupokea pesa.

Kampuni inayomwaga lami bila kibao nayo isidhani nimeisahau. Kufunga upande mmoja wa barabara, kusimamisha malori mpaka lami ishike, kuweka watu wawili wenye bendera, hizo si kazi za miujiza.

NYONGEZA: Nimeona majibu yenu, najibu hapahapa.

Yaya uliyeuliza mafuta ya taa: yakiwa safi ni afadhali kuliko esansi, lakini ya chupa za ba-Kadhafi, wale wauza mafuta wa kando ya barabara, huwezi kujua yamechanganywa na nini. Mimi siyaweki kwenye plastiki. Dawa ya meno ina chembe za kusugulia, usiigusishe kwenye parabrizi yenye ngozi ya kiwandani. Dawa ya kutoa rangi ya kucha mara nyingi ni asetoni, hiyo itaipofusha mbele ya macho yako. Tina ya rangi vilevile.

Aliyesema lami aliyokutana nayo ilikuwa ya kahawia, si nyeusi: hiyo ni ile iliyochanganywa na maji, ikigeuka nyeusi ndipo inakuwa imeshika. Ukiiwahi ingali kahawia, maji mengi na sabuni ya maji vinaitoa. Simama kwenye maji ya kwanza utakayoyaona, usingoje ufike nyumbani.

Patroni, kama unasoma hapa, nakuja tena Jumatatu na parabrizi mkononi. Wengine wote: nitajieni lavaji yoyote ya Lubumbashi, iwe Katuba, Ruashi au Kenya, inayotumia ndoo mbili na vitambaa safi. Wapo wanaostahili wateja wetu.